Mshahara Usiotosha Hulipwa na Nani? Historia Fupi ya Kazi za Ujira na Misaada katika Kinango na Pwani ya Kusini



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka, baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, kuweka kurasa chache za historia, ili vijana wapate kujua njia waliyopita baba zao. Mwaka huu tumechagua habari ya kazi za ujira na misaada, kwa kuwa jambo hilo lilizungumzwa sana katika mikutano yetu, tena kwa uchungu.

Neno lililoshindaniwa ni hili. Baadhi ya wanachama walitoa shauri kwamba mtu mwenye kazi ya mshahara asipewe tena msaada katika sanduku la Chama. Walisema kwamba sanduku liliwekwa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na maziko. Lakini siku hizi huja pia watu wazima wenye nguvu, watokao alfajiri kwenda kazini Mombasa, Mariakani au Diani, na mwisho wa mwezi hurudi kuomba karo ya watoto au dawa ya mama. Kufanya hivyo, walisema, ni kula jasho la wenzao. Wengine walijibu kwamba mwenye kazi naye hutoa mchango wake kila mwezi, na njaa haiulizi kama mtu ameandikwa kazi au hakuandikwa.

Shauri hilo litarudi mbele ya Mkutano Mkuu, na kulikata ni haki ya Mkutano wenyewe. Sisi twataka kuwawekea wajumbe jambo moja ambalo historia ya nchi yetu yalionyesha kwa uwazi: mshahara ukiwa chini ya mahitaji ya mtu na jamaa zake, pengo lile halibaki wazi. Yuko mtu alizibaye. Kwa zaidi ya miaka 100 aliyeliziba amekuwa mama shambani, mjomba mwenye mbuzi wawili, na majirani walio na sanduku kama letu. Basi kabla ya kumwuliza mwombaji kwa nini amekuja, ni vizuri tuulize mzigo aliokuja nao ni wa nani.

UJIMA, RAHANI NA KIBARUA

Wazee wetu hawakuwa wageni wa kusaidiana. Mduruma huzaliwa katika nyumba mbili, ukulume kwa baba na ukuche kwa mama, na pande zote mbili humdai na kumlinda. Shamba lililochelewa lilipaliliwa kwa ujima. Mwenye shamba alipika, watu walilima, na kesho yake zamu ilikwenda kwa mwingine. Misaada ile ilikuwa na masharti yake. Aliyekula bila kushika jembe alijulikana, na methali isemayo kwamba mgeni ni wa siku mbili, ya tatu umpe jembe, haikutungwa kwa mzaha.

Lakini nchi yetu nyuma ya milima ya Shimba ni kame, na ujima haukuweza kuishinda kila njaa. Katika karne ya 19 ukame mkali uliwalazimisha baadhi ya watu wa bara kuwaweka watoto wao rahani kwa watu wa mwambao ili wapate nafaka. Wengine walikombolewa mvua iliporudi. Wengine hawakurudi kamwe. Tangu zamani zile, basi, shida ya Kinango ilipozidi nguvu za jamaa, kilichotolewa kwa wenye chakula kilikuwa nguvu za watu wetu, tena kwa bei ya chini.

Neno lenyewe la kibarua latoka katika zama zile. Katika miji ya Mombasa na Unguja, bwana aliweza kumtoa mtumwa wake afanye kazi ya siku kwa mtu mwingine. Mtumwa yule alipewa cheti kidogo, yaani barua ndogo, kuwa alama ya kazi aliyoifanya, na ujira wake aligawana na bwana wake. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria za mwambao wa Kenya mwaka 1907. Neno kibarua halikuondoka. Limebaki midomoni mwetu hata leo, kwa mtu afanyaye kazi ya siku asiyejua kama kesho ataitwa.

KODI NA KIPANDE

Serikali ya kikoloni ilipoingia ilihitaji wafanyakazi, na watu waliokuwa na mashamba na mifugo yao hawakuona sababu ya kuiacha na kwenda kumfanyia mgeni kazi. Ndipo ilipokuja kodi ya nyumba, mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba ya kutozwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Mwenye ng'ombe aliuza ng'ombe. Asiye na ng'ombe aliuza siku zake. Kwa njia hiyo watu wengi walitoka nyumbani kwenda kutafuta fedha za kulipia paa la nyumba waliyoijenga kwa mikono yao wenyewe.

Sheria ya mabwana na watumishi, iliyotungwa mwaka 1906, ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai, naye mfanyakazi aliweza kufungwa. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume mtu mzima alitakiwa kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo. Katika kipande mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara. Mwajiri mpya alipokisoma alijua mtu huyu alilipwa kiasi gani mahali pengine, wala hakuona haja ya kumpa zaidi. Hivyo karatasi iliyosemwa kuwa ni ya kumtambulisha mtu ilikuwa pia kamba ya kuuzuia mshahara wake usipande.

Wenzetu Wagiriama walikataa mapema. Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu mwaka 1913 wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Wazungu. Alikamatwa na kupelekwa mbali katika nchi ya Kisii, na mwaka 1914 vita vikazuka. Twataja habari hiyo kwa sababu wapo wadhanio kwamba watu wa Pwani hawakupenda kazi. Walipenda kazi yao. Walichokikataa ni kazi ya mtu mwingine kwa malipo yasiyolingana na walichokiacha nyumbani.

BANDARI NA HESABU YA MTU MMOJA

Magati ya kina kirefu ya Kilindini yalipofunguliwa katika miaka ya 1920, bandari ilihitaji wapakuzi wengi, lakini si kila siku. Meli zikija, watu waliitwa kwa mamia. Zikiondoka, waliambiwa waende zao. Kazi ya siku ilikuwa rahisi kwa makampuni. Mpakuzi wa siku hakupewa nyumba wala posho, hakulipwa akiugua, na akizeeka hakuna aliyemdai pensheni.

Kazi ile iliwafaa pia Wadigo na Waduruma kwa namna yake. Mtu aliweza kupakua meli siku chache, akapata fedha za kodi na nguo, akarudi kupanda mahindi mvua ilipokaribia. Maofisa wengi walimwita mtu huyo mvivu asiyetaka kazi ya kudumu. Hawakusema kwamba kazi ya kudumu ililipwa kidogo, tena ilimtenga mtu na shamba ambalo ndilo lililomlisha kweli.

Hapa twafika kwenye kiini cha habari yetu. Katika nchi nzima ya Kenya, mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Hoja iliyotolewa ilikuwa hii: mke wake yuko nyumbani, alima, watoto wake wala kwa mama yao, akiugua atarudi kwao, akizeeka ndugu watamtunza. Kwa hiyo, walisema, hahitaji zaidi ya posho yake, blanketi, na kitu kidogo cha kodi.

Sikilizeni vizuri hesabu hiyo. Mwajiri alihesabu jembe la mama wa Kinango kuwa sehemu ya malipo ya kazi iliyofanywa Mombasa. Mahindi ya shambani yalikuwa posho ambayo mwajiri hakuinunua. Nyumba ya makuti na udongo ilikuwa hospitali ambayo hakuijenga. Mjomba wa ukuche alikuwa mfuko wa uzee ambao hakuutilia hata senti moja. Na mwaka wa ukame, shamba lilipokosa, mwajiri hakuongeza mshahara kwa kuwa mahindi yamekauka.

MIGOMO YA MOMBASA

Watu waliielewa hesabu ile, nao walisema. Mwaka 1939 wafanyakazi wa idara na makampuni mbalimbali ya Mombasa waligoma mfululizo, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa ilikuwa kodi ya nyumba mjini isiyolingana na mshahara. Serikali iliunda tume kuchunguza. Vikaja Vita Kuu ya Pili, bei za vyakula na nguo zikapanda sana, na mshahara ukabaki nyuma.

Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama. Watu kama 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waliacha kazi kwa muda wa siku zipatazo 12. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira waliouita Kiwanja cha Maskini. Hapo walisikiliza habari na kupeana moyo. Mpishi alikaa karibu na mpakuzi, na mtu wa bara karibu na mtu wa Pwani. Walidai mishahara ya kuwawezesha kuishi, na walidai pia kwamba watu wafanyao kazi iliyo sawa walipwe sawa bila kutazama rangi. Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa mjumbe wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kusema nao, nao wakarudi kazini kwa ahadi ya uchunguzi. Baraza la uamuzi chini ya Jaji Thacker liliwapa baadhi yao nyongeza. Chama chao, African Workers' Federation, kiliendelea chini ya Bwana Chege Kibachia, hata alipokamatwa Agosti 1947 na kupelekwa kukaa Baringo.

Wakati mmoja na hayo, jeshi la Uingereza lilikuwa likijenga bohari kubwa huko Mackinnon Road, katika nchi yetu kavu kando ya reli. Kazi ilionekana imekuja mlangoni. Baada ya miaka michache mpango ule uliachwa, na waliokuwa wakiutegemea wakarudi kwenye mifugo yao. Hilo nalo ni somo: kazi inayokuja kwa amri ya mbali huondoka kwa amri ya mbali, na anayebaki kulisha watu ni jamaa.

Mwaka 1954 jambo ambalo watu wa Kiwanja cha Maskini walilijua miaka saba kabla liliandikwa katika karatasi ya Serikali. Kamati ya mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana F. W. Carpenter aliyekuwa Kamishna wa Kazi, ilieleza kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa makampuni ya mijini walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Ikashauri kwamba kiwango cha chini kiache kupimwa kwa mtu mmoja na kipandishwe hatua kwa hatua hadi kipimwe kwa mtu mwenye jamaa. Mwaka 1954 huo huo wapakuzi walipata chama chao cha wafanyakazi, na walipogoma Machi 1955, Bwana Tom Mboya aliwasemea.

Hata hivyo ushauri wa kamati ulikuwa na upande wa pili ambao wazee hawakuusahau. Makampuni yalipotaka watu wachache wa kudumu badala ya vibarua wengi, wapakuzi walioandikwa walipata kipato bora na utaratibu. Lakini mlango ulianza kufungwa kwa mtu wa Kinango aliyezoea kupakua siku chache na kurudi kulima. Akawa hana shamba litoshalo wala kazi itoshayo.

MFANO WA UINGEREZA

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mambo ya ukoloni peke yake. Sivyo. Waingereza wenyewe yaliwapata, na mashindano yetu ya mwaka huu yafanana sana na yao.

Mwaka 1795, wakati wa vita na Ufaransa na mavuno mabaya, bei ya mkate ilipanda hata wafanyakazi wa mashamba wakashindwa kula. Mahakimu wa wilaya ya Berkshire walikutana mahali paitwapo Speenhamland mwezi wa Mei. Walikuwa na uwezo wa kuweka kiwango cha chini cha mshahara, nao hawakukiweka. Badala yake walitunga kipimo: mkate ukiwa bei fulani, na mtu akiwa na mke na watoto kadha, atapata kiasi fulani, mshahara ukipungua, sanduku la maskini la mtaa litaongeza kilichobaki. Sanduku lile lilijazwa kwa kodi ya wenyeji. Hivyo mwenye shamba kubwa alimlipa mfanyakazi wake nusu, na jirani mwenye duka dogo akalipa nusu ya pili.

Gharama zilipokuwa kubwa, watu walikasirika. Walimkasirikia nani? Walimkasirikia maskini. Walisema ameharibiwa na misaada, amekuwa mvivu, anazaa ili apewe zaidi. Sheria mpya ya mwaka 1834 ilikusudia kumnyima msaada mwenye nguvu asiyekubali kuingia katika nyumba ya maskini, ambamo maisha yalifanywa kwa makusudi kuwa mabaya kuliko ya mfanyakazi wa chini kabisa. Mwaka 1963 mwanachuoni Mark Blaug alizikagua upya habari zile, akaonyesha kwamba misaada haikuwa chanzo cha ufukara. Ilifuata mahali ambapo mshahara ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa haba. Maskini walikuwa wamekwisha kuadhibiwa zaidi ya miaka 100 kabla hesabu hazijatazamwa vizuri.

BAADA YA UHURU

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, viongozi walijua kwamba mfanyakazi hawezi kumtegemea mjomba peke yake. Mwaka 1965 Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ujulikanao kwa watu wote kama NSSF, na mwaka 1966 ukafuata mfuko wa bima ya hospitali. Mfuko wa uzee ulikuwa na maana kubwa: kwa mara ya kwanza mwajiri aliamriwa atoe sehemu yake kwa ajili ya siku ambazo mfanyakazi hatakuwa na nguvu.

Lakini kiasi kilikuwa kidogo mno. Kabla ya kubadilishwa mwaka 2023, kiwango cha juu kilichokatwa kwa mwezi kilikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na shilingi 200 kwa mwajiri. Mtu aliyekatwa kiasi hicho bila kukosa kwa miaka 30 alikuwa ameweka shilingi 144,000, mbali na faida. Alipewa zote mara moja, na baada ya kuezeka nyumba na kulipa madeni, uzee ukaanza. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2013, ikataka kila upande utoe sehemu 6 katika 100 za mshahara kwa viwango vilivyowekwa, lakini kwa sababu ya mashauri mahakamani haikuanza kutumika mpaka Februari 2023.

Na mali hiyo ndogo haikulindwa sawasawa. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 juu ya ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria, ilieleza jinsi mashirika ya umma, NSSF ikiwamo, yalivyotumiwa kununua viwanja vya namna hiyo. Jasho la mpakuzi, mpishi na mkata miwa liligeuzwa kuwa faida ya watu waliokuwa karibu na utawala. Tunapozungumza juu ya kutumia misaada vibaya, tuanze kuhesabu kutoka huko juu.

Huku kwetu kusini, kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichoanza katika miaka ya 1920, kiliwalisha watu wengi wa Msambweni na hata wa Kinango walioshuka kukata miwa. Kilifungwa mwaka 1988. Mahoteli ya Diani yalikuwa yamekwisha kuwa tegemeo jipya, lakini kazi ya hoteli hufuata majira ya watalii; na machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalipowafukuza wageni, maelfu waliachishwa kazi, nao wakarudi kwa mama zao. Mkata miwa, mfagiaji wa hoteli na mchimba mchanga wa leo wote wajua neno lile lile la zamani: kibarua.

MISAADA YA SERIKALI

Kwa kuwa jamaa zilichoka, Serikali ilianza kutoa fedha kwa maskini wenyewe. Majaribio ya kwanza ya kuwapa fedha walezi wa yatima yalianza mwaka 2004 katika wilaya tatu, na Kwale ilikuwa mojawapo. Baadaye yalikuja malipo ya wazee, na tangu mwaka 2018 mpango huo ulipanuliwa kwa watu wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba Serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujitegemea.

Twajua manung'uniko yaliyopo. Wako walioandikwa wakiwa hawastahili, na wako waliokufa ambao fedha zao ziliendelea kupokewa na mtu. Mambo hayo ni wizi, na Chama chetu hakiwezi kuyatetea. Lakini tutazame pia fedha za bibi halali zinakwenda wapi. Mara nyingi humlisha mjukuu ambaye baba yake yuko kazini Mombasa kwa mshahara usiotosha nauli na chumba. Shilingi zile zimeandikwa jina la bibi, na kwa hakika zinakamilisha mshahara ambao mwajiri wa mjini hakuukamilisha. Ni Speenhamland tena, hapa Samburu na Ndavaya.

NENO KWA MKUTANO

Basi, kwa heshima, twatoa haya yatafakariwe.

Kwanza, sanduku la Chama si bahari. Wenye hofu kwamba litakauka wana haki ya kuogopa, na tusiwaite wachoyo. Mtu mwenye kazi njema anayekuja kuomba ili fedha zake zipate kunywewa, huyo aambiwe ukweli mbele ya wazee.

Pili, kumfungia mlango kila mwenye mshahara kutamwadhibu mtu asiye na kosa, wala hakutamgusa aliyeusababisha upungufu. Mtoto atarudishwa shule, mama atakosa dawa, na mwajiri hatajua hata kwamba tulikutana.

Tatu, inafaa kila mwombaji aliye kazini aulizwe maswali ambayo hatujayaweka katika fomu yetu: waajiriwa na nani, tangu lini, kwa mshahara gani, una hati ya mshahara, na makato yako yanafika kwenye Mfuko au yanaishia mfukoni mwa mtu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, na hati ya maelezo ya mshahara. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zijumlishwazo kuwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Tena madai ya mkataba wa kazi yapasa kufikishwa mahakamani kabla ya kupita miaka 3. Anayengoja kwa haya atakuta mlango umefungwa. Pale ambapo majibu yataonyesha kwamba mtu anadhulumiwa, Chama kimpe msaada wa siku hiyo, na barua iende kwa mwajiri na kwa Afisa wa Kazi siku hiyo hiyo.

Nne, na neno hili ni zito. Wamo miongoni mwa wanachama wanaoajiri. Wengine wana mchunga ng'ombe, wengine wana msichana wa kazi za nyumbani aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali kinamhusu mtumishi wa nyumbani kama kinavyomhusu mtu wa kiwandani. Ikiwa mchungaji wa mwanachama analipwa chakula na nguo kuukuu, na mama yake anapokea msaada katika sanduku letu, basi mwanachama huyo analipiwa mshahara wa mtumishi wake na wajane waliochanga. Inafaa jambo hilo liulizwe katika Mkutano kabla ya kuwauliza wengine.

Baba zetu walisimama katika Kiwanja cha Maskini siku zipatazo 12 bila sanduku la kuwalisha, wakati mahindi ya wake zao yalipokuwa yakipungua ghalani. Hawakuomba sadaka, walidai mshahara upimwe kwa nyumba nzima. Dai hilo halijalipwa lote. Mkutano Mkuu utakapolipokea shauri la kuwazuia wenye kazi, na ulipime kwa kipimo hicho: je, uamuzi huu unampunguzia mzigo mama wa Kinango, au unampunguzia yule ambaye tangu mwanzo aliutua mgongoni pake?